Mshahara Hauui Kipaji

Kila vyuo vinapotoa wahitimu, kijana mwenye kipaji cha kuchora, kuandika au kuimba hupewa ushauri uleule: kama kweli unaipenda sanaa, achana na habari za ajira, jitose. Mshika mbili, huambiwa, moja humponyoka. Anayekubali kukaa kaunta ya benki au kufundisha sekondari huhesabiwa kuwa ameisaliti ndoto yake. Imani hii ina madhara makubwa, na kinachosikitisha zaidi ni kwamba historia ya sanaa yetu wenyewe inaikana.

Shaaban Robert aliingia idara ya forodha ya serikali ya kikoloni mwaka 1926, akadumu humo hadi 1944, kisha akahamia ofisi nyingine za serikali, zikiwamo ya jimbo huko Tanga na ya upimaji ardhi. Kitabu chake Kusadikika kilipochapishwa mwaka 1951 alikuwa bado mtumishi wa umma. Mashairi na insha tunazowafundisha watoto shuleni ziliandikwa na mtu aliyepaswa kuripoti kazini asubuhi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Paradise, riwaya iliyoingia orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka 1994, ni kazi ya mwalimu aliyekuwa na vipindi vya kufundisha na mitihani ya kusahihisha. Na muziki wa dansi ambao redio zetu hazichoki kuupiga? NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walipokea mshahara. Polisi, jeshi na mashirika ya umma nayo yakawa na bendi zao. DDC Mlimani Park ilibeba hadi jina la shirika lililoimiliki. Zama zile ambazo wapenzi wa dansi huziita za dhahabu zililipiwa na hazina za taasisi.

Mhitimu wa leo anatoka chuoni na deni la mkopo wa masomo mkononi. Akiajiriwa, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Asipoajiriwa, deni halifutiki, linamngoja. Mwenye nyumba Dar es Salaam anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nyumbani kuna wadogo zake wanaosubiri ada, na mama aliyeuza shamba ili yeye asome. Mtu aliyebanwa hivyo akikalishwa mbele ya mkataba wa kuuza haki zote za wimbo wake kwa malipo ya mara moja, atasaini. Hana ubavu wa kusema hapana, na msanii asiyeweza kusema hapana hutunga anachoagizwa: nyimbo za kumsifu mwenye fedha, michoro ya kuwapendeza watalii. Ukombozi ambao wahubiri wa kujitosa wanauahidi unapatikana zaidi kwa yule ambaye chakula cha wiki hakitegemei wimbo wa wiki.

Nitajibiwa kwamba ajira humeza muda, kwamba foleni ya asubuhi na jioni humrudisha mtu nyumbani hoi, asiweze hata kushika kalamu. Ni kweli, na ndiyo maana mhitimu apime kazi kwa saa zake kabla ya kupima mshahara. Kazi ya malipo kidogo inayomwachia jioni inafaa kuliko yenye donge nono inayomfuata hadi Jumapili. Nitaambiwa pia kuwa wapo walioingia ofisini na sanaa yao ikafia humo. Wapo. Lakini wengi wao walizidiwa na maisha waliyoyapandisha kila mshahara ulipopanda, mkopo wa gari juu ya mkopo wa kiwanja, hadi ikawa hakuna siku wanayoweza kupunguza kazi. Wapo pia waliojitosa na kufanikiwa, nami nawaheshimu. Ila hao ndio wanaoalikwa kuhojiwa, na waliozama hawana kipindi cha redio.

Kwa hiyo nawaomba wote wanaomhimiza mhitimu aikatae ajira aliyoipata: kabla hamjamwambia ajitose, mwelezeni kodi ya miezi sita italipwa na nani.