Ladha izuiwe bandarini

JICHO LA KUSINI
Na Somoe Nassoro Mkumba

Mtoto wa miaka 9 akitumwa sigara dukani Kilwa Masoko, hakuna anayeshtuka. Babu yuko barazani, mguu unamuuma, mjukuu anakimbia na sarafu mkononi na mwenye duka anampa. Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Lakini mwenye duka anamjua babu, anaijua nyumba, na haimpitii akilini kwamba amevunja sheria. Huo ndio ujirani wetu, na sitaki polisi wauingilie.

Naomba basi tuache kumtwisha mwenye duka kazi asiyoiweza. Kizuizi kiwekwe kabla bidhaa haijamfikia, kiwandani na bandarini, na cha kwanza kuzuiwa kiwe ladha: menthol ya kwenye sigara, matunda ya kwenye shisha, embe na stroberi za sigara za kielektroniki, na manukato ya kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni.

Anayejua vijana wanavyoanza atanielewa. Wanaanzia dikoni, Kivinje au Somanga, wakisubiri mashua zirudi. Sigara moja inazunguka mikono minne. Moshi wa tumbaku ni mkali. Mtoto akiuvuta mara ya kwanza anakohoa, machozi yanamtoka, kichwa kinamzunguka, na wengi wangeishia hapo. Kikohozi kile ni mlinzi tuliyepewa na Mwenyezi Mungu. Menthol inamlaza mlinzi huyo: inapoza koo, inaficha ukali, na moshi unashuka kifuani bila kipingamizi. Nikotini iliyomo ni ile ile. Mwili ukishaizoea, ladha imemaliza kazi yake, na kijana atavuta chochote atakachokuta.

Shisha imetulaghai zaidi, kwa ajili ya maji yake na harufu ya matunda. Wapo wazazi wanaoamini ni mvuke tu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kikao kimoja cha saa nzima kinaweza kumwingizia mtu moshi sawa na wa sigara 100 au zaidi.

Julai 2016, Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, mtu wetu wa Ruangwa, alitangaza marufuku ya shisha. Nilifurahi sana. Lakini lile lilikuwa tamko, na tamko hufifia viongozi wanapokuwa na mengine ya kushughulikia. Leo shisha inavutwa Dar es Salaam bila kificho. Waganda walikwenda bungeni. Sheria yao ya 2015 ilizuia shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku yenye ladha kwa pamoja, na ikapandisha umri wa kuuziwa tumbaku hadi miaka 21. Ethiopia ikafuata mwaka 2019. Sheria yetu sisi ni ya mwaka ule ule ambao mfamasia Hon Lik, huko China, alikuwa bado anaunda sigara ya kielektroniki. Haikuweza kuiona ikija.

Nasikia hoja ya wakulima, na naiheshimu. Tumbaku inasomesha watoto Urambo, Chunya na Namtumbo. Ila mkulima anauza jani. Ladha inaongezwa baadaye na watu wengine, na sehemu kubwa ya jani lake inauzwa nje ya nchi. Wengine watasema pwani hii ni ndefu, magendo yatapita. Yatapita kiasi. Lakini cha magendo hufichwa na hupanda bei. Hakipangwi kaunta kando ya bigijii na ubuyu, pale macho ya mtoto wa darasa la sita yanapofikia.

Jambo hili lina haraka kwetu. Rais Samia aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko Septemba 2023. Bandari italeta vijana wenye fedha mfukoni, na wauzaji wa kila kitu watawafuata. Mgonjwa wa saratani ya mapafu kutoka hapa anapelekwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 300, kwa barabara ambayo mafuriko ya Kimbunga Hidaya yaliikata Somanga Mei 2024. Familia inauza mashua kwanza, ndipo inasafiri.

Nawaomba wabunge wa mkoa wa Lindi wapeleke marekebisho ya sheria ya 2003 yanayotaja ladha zote, bila kubakiza hata moja. Marekani mwaka 2009 ilizuia ladha kwenye sigara ikaiacha menthol, na wavutaji wakaendelea kuinunua. Umoja wa Ulaya ulizuia nyingine ukaisubirisha menthol hadi Mei 2020. Marekebisho yetu yazuie pia picha za matunda kwenye pakiti. Wenye maduka wapewe miezi 6 ya kumaliza mzigo walionao, wasitiwe hasara. Waagizaji waanze kuzuiwa siku sheria itakaposainiwa.