Wanatuita Ninja, Basi Tujifunze



Sisi tunaoshona na kuuza nguo za harusi hapa Unguja husafiri na mizigo yetu mpaka Iringa na Mbeya, maana mabinti wa huku wanaolewa huko, na Waislamu wa huko nao wanaupenda mshono wetu. Ukishapanda Kitonga baridi inaanza, na neno nalo linaanza: "Ninja huyo!" Ni kwa ajili ya nikabu tu. Wapiga debe wanacheka, abiria wanacheka, na sisi tulikuwa tukicheka nao ili yaishe.

Mwaka jana, stendi Mbeya, magharibi inaingia, kijana alimkamata mwenzetu mkono akivuta mfuko wenye magauni 2 ya biharusi. Watu wanaona. Mmoja akasema, "Si ninja? Ajitetee." Mwenzetu akabaki kuvuta mkono kinyumenyume kama mtoto anayekataa kuogeshwa, mpaka mfuko ukaenda. Magauni yalikuwa ya watu, tumeyalipa.

Tulipokuwa tunarudi tukalala Iringa. Mwenyeji wetu, mama mtu mzima aliyecheza karate ujanani, alitusikiliza, kisha akasema, "Haya, nishikeni." Akauzungusha mkono kuelekea pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine, ukatoka. Hakutumia nguvu. Tulijaribu wote usiku ule, hata mnene wetu aliweza.

Hapo hasira yetu ikawahama wapiga debe ikaturudia wenyewe. Biharusi wetu anafundishwa na somo wake kusinga, kufukiza udi, kukaa na wakwe. Kisha anapelekwa mji asiomjua mtu, na hakuna aliyemfundisha kutoa mkono wake kwenye mkono wa mtu. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 kati ya 10 Tanzania, wa miaka 15 hadi 49, wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15. Hao si wa stendi tu. Wengi walipigwa ndani ya nyumba zao.

Na ninja wenyewe si wale wa kanda za video wanaoruka mapaa. Walikuwa watu wa milimani, Iga na Koga huko Japani, waliojifunza kuponyoka mbele ya wenye nguvu kuliko wao. Kitabu chao cha mwaka 1676, Bansenshukai, kinaeleza mpaka namna ya kuwatumia wanawake. Katika zama zetu Masaaki Hatsumi wa mji wa Noda aliifundisha elimu hiyo kwa wageni kutoka duniani kote, na mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka bila kuumia. Wana fimbo yao ya futi 3, hanbo, ambayo haina tofauti kubwa na bakora ya babu. Herufi yao ya neno hilo ina makali ya kisu juu ya moyo, na maana yake ni kuvumilia. Lakini wao waliovumilia walikuwa wamefunzwa. Sisi tunaambiwa tuvumilie tu.

Tunajua mtakayosema. Kwamba mwanamke wa Kiislamu hapigani. Nusaiba bint Ka'ab alisimama Uhud kumlinda Mtume (s.a.w.), na Ummu Sulaym alikuwa na jambia siku ya Hunayn. Kwamba atampiga mumewe. Mume asiyenyanyua mkono ana hofu gani?

Lipo moja ambalo mnasema kweli. Katika madarasa ya Hatsumi wanafunzi hupiga makofi na kuinama mbele ya kijimadhabahu cha Kijapani. Hilo hatulitaki. Na ujasusi, ambao ndio uliokuwa kazi yao hasa, dini yetu imeukataza. Tunachukua kuanguka, kuponyoka na bakora, mengine wabaki nayo. Mwalimu awe mwanamke, chumba kifungwe, simu za picha zibaki nje.

Wala wa kwetu si wageni wa mambo haya. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amefundisha judo hapa Zanzibar tangu miaka ya 1990. Na mwaka 2012, Olimpiki ya London, Wojdan Shaherkani wa Saudia aliingia kwenye judo kichwa kimefunikwa, baada ya wakubwa wa mchezo kukataa kwanza. Alishindwa kwa sekunde 82, lakini aliingia.

Nguo msiwe na wasiwasi, hiyo ndiyo kazi yetu. Suruali pana ya kitambaa kizito, kanzu ya magotini iliyopasuliwa pembeni, na kipande cha pembe nne kwapani ili mkono unyanyuke bila mshono kuachia. Mtandio ushonwe wa kuvaa kichwani moja kwa moja, bila pini, maana pini ikikuchoma shingoni wakati unaanguka utatulaani.

Mama wa Iringa amekubali kuja baada ya Ramadhani, wiki 2, tutamlipia boti. Biharusi yeyote atakayeshonesha kwetu mfungo mosi, masomo hayo yamo ndani ya bei ya gauni. Mikeka tunayo, ila mnene wetu anasema mmoja mmoja hautoshi, tupange 3 juu ya 3.