Uchambuzi: Kinyonga wa nyumbani, kizimba cha ughaibuni

Mtaa wa Naif, katika eneo la Deira mjini Dubai, haujulikani kwa biashara ya wanyama. Unajulikana kwa vitambaa, simu, manukato na mawakala wa mizigo wanaopeleka bidhaa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo.

Lakini Naif pia ni mahali ambapo Waafrika Mashariki hukutana, huulizana habari za nyumbani na kuagizana vitu. Mmoja huagiza unga wa muhogo, mwingine dagaa, mwingine dawa ya mitishamba. Katika mazingira kama hayo, ombi la kuletewa kinyonga mmoja au wawili kutoka Tanga au Morogoro laweza kuonekana dogo kama mengine.

Si dogo hata kidogo. Linaweza kumfikisha mbebaji mahakamani, na linaweza kumaliza kiumbe ambaye hapatikani penginepo duniani ila katika mlima mmoja.

Kinyonga, ambaye katika jamii zetu nyingi hukimbiwa, hupigwa mawe au huhesabiwa kuwa ndege mbaya, amekwisha kuwa kipenzi cha wafugaji wa Ulaya, Marekani na Ghuba. Anayetaka kumfuga huambiwa kwanza atafute kizimba, taa na wadudu wa kumlisha.

Ushauri huo si wa makosa, ila umeanzia katikati ya safari. Maandalizi ya kwanza ni swali: mnyama huyu ametoka wapi, na ni karatasi gani inayothibitisha hivyo? Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hili ni zito zaidi, maana mara nyingi jibu lake ni milima ya kwao.

Jina la Kiswahili

Mwaka 2006 wataalamu wa wanyama watambaao walilitenga kundi moja la vinyonga wa Afrika na kulipa jina la kisayansi Kinyongia. Jina hilo limetokana na neno letu la Kiswahili, kinyonga.

Miaka miwili baadaye, uchunguzi mwingine ulionyesha jambo lililopaswa kuwashtua wafanyabiashara na watoa vibali. Vinyonga wa pembe mbili waliokuwa wakiuzwa kwa jina moja walikuwa ni aina kadhaa tofauti. Kuna wa Usambara Mashariki, wa Usambara Magharibi, wa Nguru, na kuna wa vilima vya Taita nchini Kenya.

Maana yake ni nyepesi kuielewa. Kibali kinapotaja jina moja, na jina hilo likawa limefunika aina nne au tano, msitu mmoja unaweza kukombwa huku hesabu za makaratasi zikionyesha kuwa mambo ni shwari.

Mwaka 2009 ilitangazwa aina nyingine, ya msitu wa Magombera katika bonde la Kilombero. Mtafiti Andrew Marshall alimpata kinyonga wa kwanza wa aina hiyo baada ya kumshtua nyoka, ambaye alimtema aliyekuwa amemkamata. Ikiwa sayansi yenyewe ingali inahesabu vinyonga wetu kwa bahati ya namna hiyo, ni nani anayeweza kusema kwa uhakika ni wangapi wanaofaa kuvunwa?

Soksi na makopo

Thamani ya mnyama huyu ilionekana wazi mwezi Januari 2021, serikali ya Austria ilipotangaza kukamatwa kwa vinyonga 74 katika uwanja wa ndege wa Vienna. Mwanamume mwenye umri wa miaka 56, aliyesafiri kutoka Tanzania kupitia Ethiopia, alikuwa amewaficha ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu.

Walitambuliwa kuwa ni vinyonga wa milima ya Usambara. Wengine walikuwa na umri wa wiki moja tu. Walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, na watatu miongoni mwao hawakunusurika.

Maofisa wa forodha walikadiria kuwa katika soko la magendo wangefikia euro 37,000. Gawanya kwa 74, unapata euro 500 kwa kila kinyonga. Hakuna haja ya utafiti ili kujua kwamba kijana aliyewatoa vichakani hakulipwa kiasi kinachokaribia hapo.

Mlango uliofungwa

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi biashara hii ilikuwa halali. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza vinyonga wengi nje, na vijiji vya Tanga na Morogoro vilikuwa na watu waliojipatia riziki kwa kuwakamata.

Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda ng'ambo kwa miaka mitatu, baada ya kisa cha tumbili waliozuiwa katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda Albania.

Mwezi Juni 2022, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ilitangaza kuwa wafanyabiashara wangeruhusiwa kwa miezi sita kuwauza wanyama waliobaki katika mazizi yao. Tangazo hilo halikudumu. Kelele za wananchi zilipanda, na waziri aliyehusika, Balozi Pindi Chana, akalisitisha mara moja.

Wenye leseni walikuwa na malalamiko ambayo si haki kuyapuuza. Walikuwa wamelipa ada, wamewakamata wanyama kwa vibali vya serikali ileile, kisha wakaachwa kuwalisha bila mnunuzi. Tena wapo wanaohoji kwamba mlango wa mbele ukifungwa, wa nyuma hufunguliwa, na kisa cha Vienna ni ushahidi.

Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haimalizi shauri. Mfano wa mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, unaonyesha kwamba ufugaji wa wageni ulikwisha kuleta madhara hata kabla ya mlango kufungwa. Watu waliikata miti aina ya mkadi anamoishi, ili kumfikia kwa urahisi. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kumweka katika orodha ya viumbe wasioruhusiwa kabisa kuuzwa kimataifa wakitoka porini.

Sheria za pande mbili

Vinyonga wa Kinyongia na jamaa zao wengi wamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 2016, katika mkutano wa Johannesburg, hata vinyonga wadogo wanaofanana na majani makavu waliingizwa humo.

Orodha ya pili haina maana ya marufuku. Ina maana kwamba mnyama havuki mpaka bila kibali cha nchi anakotoka. Umoja wa Falme za Kiarabu ulirejea katika mkataba huo mwaka 1990, na tangu mwaka 2002 una sheria yake ya shirikisho, namba 11, inayosimamia biashara hiyo. Wizara ya Mabadiliko ya Tabianchi na Mazingira ndiyo inayotoa vibali.

Kwa hiyo mtu anayetua Dubai na kinyonga ndani ya begi amevunja sheria mara mbili: alikotoka na anakokwenda. Naif, ambako ngome yake ya mwaka 1939 ilikuwa makao makuu ya kwanza ya polisi wa Dubai, si mahali pa kujitetea kwa kusema sikujua.

Wala mtu asidhani kwamba udogo wa mnyama ni kinga. Mwezi Mei 2025 mahakama nchini Kenya iliwatoza watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Walichokutwa nacho ni maelfu ya chungu wavunao mbegu, waliotiwa katika vichupa.

Chumba cha Naif

Tuseme sasa mtu ameridhika na sheria, na amempata kinyonga aliyezaliwa kizimbani, mwenye karatasi zake. Je, chumba chake kinafaa?

Kinyonga huishi juu ya matawi, na huhitaji kizimba kirefu cha wavu chenye mimea na hewa inayopita. Tangi la kioo la samaki halimfai. Huishi peke yake. Akiwekwa na mwenziwe, au hata akiona sura yake katika kioo, hukaa katika hofu isiyokwisha.

Hanywi katika bakuli. Hulamba matone yaliyoko majani, kwa hiyo ni lazima mimea inyunyiziwe maji kila siku. Huhitaji taa ya joto, na taa nyingine ya mionzi ya urujuanimno ambayo hupoteza nguvu kabla ya kuzimika, hivyo hubadilishwa hata ikiwa bado inawaka. Bila mionzi hiyo na unga wa madini ya chokaa juu ya wadudu anaokula, mifupa yake hulainika na kupinda.

Chakula chake ni wadudu walio hai: nyenje, panzi na wengineo. Maana yake, anayefuga kinyonga mmoja hufuga pia kopo la nyenje wanaolia usiku kucha.

Hapo ndipo maisha ya Naif yanapogongana na tamaa. Wengi wetu mtaani hapo hupanga kitanda, si chumba. Wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40, na kiyoyozi hukausha hewa mchana na usiku. Kinyonga wa Usambara amezoea ukungu na usiku wa baridi. Nje ataungua, na ndani atakauka.

Rangi yake, ambayo ndiyo huwavutia wengi, haibadiliki ili kuwafurahisha watazamaji, wala haifuati kila anachokikanyaga. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kuwa fuwele ndogo mno zilizo ndani ya ngozi husogeana na kuachana, na hivyo kubadili mwanga unaorudi. Kwa mfugaji, rangi ni lugha. Weusi unaodumu mara nyingi ni baridi, hofu au maradhi.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya ufugaji havilitaji. Ukaazi wa wengi wetu Ghuba umefungamana na ajira. Kazi ikikoma, siku za kuondoka huanza kuhesabiwa. Kinyonga anaweza kuishi miaka mitano au zaidi. Ni wangapi Naif wanaoweza kuapa watakuwa palepale baada ya miaka mitano?

Na mwenye mnyama akiondoka, hawezi kumtia katika begi na kurudi naye. Atahitaji vibali upya. Ndipo hushawishika kumwachia katika bustani, akidhani amemfanyia wema.

Funzo la Hawaii

Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya waliingizwa Hawaii kwa kibali, kwa ajili ya duka la wanyama. Walikuwa wamedhoofika kwa safari, wakaachiwa katika ua wapate nafuu. Hawakukaa uani. Leo vizazi vyao vimeenea visiwani humo, vikila wadudu na konokono wa asili ambao hawakuwahi kumjua adui wa namna hiyo.

Hawaii walisitawi kwa sababu kuna mvua na ubaridi wa milimani. Katika bustani ya Dubai, aghalabu angekufa. Matokeo yote mawili ni mabaya.

Aliye karibu zaidi na mazingira ya Ghuba ni kinyonga wa kilemba kirefu, ambaye asili yake ni Yemen na kusini magharibi mwa Saudi Arabia. Yeye huzaliana vizuri kizimbani, na ndiye anayefugwa zaidi duniani. Asiyeweza kuizuia tamaa yake, huyo ndiye wa kumtafuta, kwa muuzaji anayeweza kuonyesha mahali alipozaliwa. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwa kuwa maneno "amezaliwa kizimbani" huandikwa na mkono uleule unaouza.

Fedha inayobaki kijijini

Wakosoaji wa marufuku huuliza: kama hauzwi, mwanakijiji atapata nini kwa kumwacha hai?

Jibu moja liko Amani, katika Usambara Mashariki, ambako msitu ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Wageni hutembezwa usiku na watembezaji wenye tochi. Kinyonga aliyelala hupauka, na mwanga ukimpiga huonekana juu ya tawi kama jani jeupe. Mgeni humtazama, hulipa, huondoka, na kesho yake kinyonga yuleyule huonyeshwa kwa mwingine.

Aliyeuzwa huuzwa mara moja. Aliyebaki mtini anaweza kulipiwa kila msimu, na fedha hiyo huingia mkononi mwa kijana wa Muheza kabla ya kufika kwa dalali yeyote. Si kila kijiji kina watalii, na hilo ni kazi ambayo serikali zetu hazijaimaliza. Lakini ni hesabu inayoeleweka.

Kwa walioko Naif, hatua ya kwanza haina gharama. Anayeagiziwa kinyonga akatae, hata kama anayeagiza ni ndugu au tajiri wake. Na anayetamani kumwona, akumbuke kwamba safari ya kwenda likizo hupita Dar es Salaam au Mombasa, na kutoka pote pawili Muheza hufikika kwa basi.