Mkopeshaji asiwe hakimu wa kesi yake

Mwaka 2008, IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, liliidhinisha dola milioni 450 kwa ajili ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Mundra, jimbo la Gujarat, India. Wavuvi wa pwani hiyo wanasema kilichofuata ni maji ya moto yanayomwagwa baharini na kufukuza samaki, vumbi la makaa linalotua juu ya samaki walioanikwa, na visima vilivyoingia chumvi.

Walifuata taratibu zote. Malalamiko waliyapeleka CAO, ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia lenyewe, nayo mwaka 2013 ikathibitisha kwamba IFC halikuzingatia ipasavyo hatari zilizowakabili wavuvi. Ripoti ikachapishwa. Fidia haikutoka, kwa kuwa CAO haina mamlaka ya kuamuru mtu alipwe hata senti moja.

Ndipo wakafungua kesi Washington. Mahakama za chini ziliwakatalia: kwa sheria ya mwaka 1945, shirika la kimataifa halishtakiki. Tarehe 27 Februari 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 7 dhidi ya 1, iliamua kwamba kinga hiyo ina mipaka. Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini haukudumu. Kesi iliporudi chini, majaji walisema kiini cha madai kiko India, si Marekani, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza tena.

Aprili ya mwaka huohuo wa 2019, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliwaruhusu wanavijiji wa Chingola, Zambia, kuishtaki kampuni ya Vedanta jijini London kwa uchafuzi waliosema umetokana na mgodi wa shaba. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilimalizana nao nje ya mahakama, bila kukiri kosa. Yaani kampuni inayotafuta faida ilibanwa hadi ikakaa mezani, ilhali taasisi iliyoundwa kupambana na umaskini imebaki nyuma ya kinga. Hili halikubaliki.

Haki itendeke: Benki ya Dunia ilitangulia wengi. Mwaka 1993, baada ya kelele za kupinga bwawa la Sardar Sarovar ililolifadhili kwenye mto Narmada nchini India, iliunda Jopo la Ukaguzi, na watu wawili tu walioathirika wanatosha kulifungulia malalamiko. Nchini Uganda, malalamiko kuhusu barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, ambako wafanyakazi wa ujenzi walituhumiwa kuwadhulumu wasichana kingono, yalichangia Benki kufuta ufadhili wake Desemba 2015. Baadaye iligharimia mpango wa dharura wa kuwalinda watoto. Lakini kila hatua ilikuwa uamuzi wa Benki yenyewe. Ingeamua vinginevyo, wasichana wale wasingekuwa na mahakama ya kukimbilia.

Watetezi wa kinga wana hoja: bila kinga, serikali yoyote ingeweza kuibana taasisi ya kimataifa kupitia mahakama zake, na mikopo ingepanda bei kwa nchi zinazoihitaji zaidi. Hoja hiyo inahalalisha kuwa na msuluhishi asiye wa nchi yoyote. Haihalalishi kukosekana kwa msuluhishi kabisa. Kila mkataba wa mkopo ungeweza kutenga fungu la fidia tangu mwanzo, na madai yakaamuliwa na watu wasioajiriwa na Benki, wenye mamlaka ya kuamuru malipo.

Mabadiliko hayo yanapitia bodi ya wakurugenzi 25, ambako kura hupimwa kwa hisa. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zinawakilishwa na mkurugenzi mmoja, pamoja na nchi nyingine zaidi ya kumi. Sauti ni moja, kura zake ni chache, lakini mabunge ya nchi hizo yanaweza kuwadai mawaziri wa fedha waitumie kulisukuma jambo hili kabla ya kuidhinisha mkopo mwingine wa barabara, bwawa au hifadhi.