Mnatuletea blokucheni, leja ya 1494 bado hamjatupa

 

Kila mtaalamu wa kompyuta akitoka Nairobi kuja huku Kericho na Bomet kutuhubiria juu ya chai, neno ni lile lile: blokucheni. Ati wizi wa kilo utakwisha, na mnywaji wa London atajua kikombe chake kimetoka shamba gani. Mimi nasema kuna teknolojia iliyochapishwa Venice mwaka 1494 ambayo mkulima wetu bado hajaipata. Tuanzie hapo.

Tukisimuliwa habari za Ulaya ya enzi hizo, tunaonyeshwa picha za Leonardo da Vinci. Sina ugomvi naye. Lakini aliyeigusa milima yetu ni rafiki yake, mtawa wa Kifransisko aitwaye Luca Pacioli. Katika kitabu chake kinene, Summa de arithmetica, alieleza jinsi wafanyabiashara wa Venice walivyoweka hesabu: kila kinachoingia mahali kimetoka mahali, kwa hiyo kiandikwe mara mbili, na mwishowe pande mbili ziwe sawa. Hakubuni yeye. Waitalia walikuwa wakifanya hivyo tangu miaka ya 1300, na tarakimu zenyewe walizipata kwa Waarabu, nao Waarabu kwa Wahindi. (Ndiyo maana sisi tunasema hesabu na daftari bila kumwomba Mzungu ruhusa.)

Kwa leja ya namna hiyo mtu wa London aliweza kumiliki shamba asilowahi kuliona. Brooke Bond na James Finlay walipoingia hapa miaka ya 1920, ardhi ya Wakipsigis ikawa mstari mmoja upande wa mali. Mstari wa pili, wa aliyetolewa ardhi, uko wapi? Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko yao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kwangu mimi hiyo ni kudai mstari wa pili.

Sasa tuje kwa mizani. Mnunuzi mmoja wa majani, simtaji, alinipa kazi ya kurekebisha programu ya kupimia. Maagizo yalisema kilo zionyeshwe bila desimali. Si kukadiria kwenda juu au chini, ni kukata. Mama akileta 12.8, inaandikwa 12. Nikauliza ile 0.8 iende akaunti gani. Nikajibiwa haiendi popote, ni mambo ya skrini tu.

Jamani! Piga hesabu. Kwa kukata hivyo kila pimo linapoteza takriban nusu kilo. Mkulima akipima mara 8 kwa mwezi, ni kilo 4. Kituo kikiwa na wakulima 200, ni kilo 800 kila mwezi. Majani hayo yamo ndani ya lori, yanafika kiwandani, yanakaushwa, yanauzwa mnada wa Mombasa. Ila hayana mwenyewe. Kwa leja ya Pacioli jambo hilo haliwezekani kufichika: vituoni zimeandikwa hizi, lori limeshusha hizi, tofauti lazima ipewe jina. Watasema majani hunyauka njiani. Kweli, hunyauka. Basi fungueni akaunti iitwayo mnyauko tuione, mwezi wa mvua na mwezi wa jua.

Kazi hiyo niliiacha. Lakini ona kejeli yake: ukichukua ile 12 ukaitia kwenye blokucheni, umeifunga uongo huo kwa kufuli lisilovunjika. Mnyororo hulinda kilichoandikwa, haujui mizani ilisema nini.

Pacioli mwenyewe aliwaonya wasomaji wake kwamba wako watu wanaoweka vitabu viwili, kimoja cha kumwonyesha mnunuzi na kingine muuzaji, akashauri vitabu vipelekwe kwa maofisa wa biashara vikaandikishwe. Zaidi ya miaka 500 iliyopita! Shangazi yangu kule Bomet ana mkoba wa stakabadhi zilizochapishwa kwa joto. Za mwaka jana zimefifia kabisa, karatasi nyeupe. Mbolea ya mkopo ilikatwa kiasi gani? Ada gani? Anachojua ni kiasi kilichoingia benki. Hiyo si leja, ni tangazo.

Msiniambie wakulima hawataelewa. Nendeni kwenye chama cha akina mama, sanduku lina kufuli tatu, kila shilingi inasomwa kwa sauti mbele ya wote, na ole wako mweka hazina ukikosea kumi. Hao ndio mnaosema hawajui hesabu? Na wakulima wadogo walio chini ya KTDA wana hisa viwandani, leja hizo ni zao.

Ninachotaka ni kidogo na hakihitaji mtaji wa Marekani. Ujumbe mfupi kila pimo, wenye desimali, makato na salio. Jumla ya kituo na uzito wa lori vibandikwe ukutani siku hiyo hiyo. Mkulima aweze kuomba rekodi zake zote katika faili la kawaida. Ni majedwali manne katika hifadhidata, kazi ya wiki mbili.

Nitayachora hayo majedwali wiki ijayo niyaweke hapa, bure. Anayefanya kazi kiwandani na anaogopa kutoa maoni hadharani, aniandikie barua pepe.