Krimu ya Tui kwa Mtoto Asiyeweza Maziwa

Mama mmoja wa Rumonge ametuletea barua akiuliza jambo ambalo halijapata kuzungumzwa katika ukurasa huu. Mwanawe karibu atatimiza miaka mitano, naye anataka kumwokea keki. Lakini daktari amekwisha kumkataza mtoto huyo maziwa na kila kitokanacho na maziwa. Keki yenyewe haimsumbui, kwani ataioka kwa mafuta ya alizeti. Anauliza ataipamba kwa nini. Ningeweza kumjibu kwa mistari mitano, lakini swali lake ni swali la nyumba yangu pia, kwa hiyo aniwie radhi nikianza na habari za binti yangu.

Binti yetu wa pili ana mzio wa maziwa. Sisemi ile hali ya tumbo kujaa gesi na kuharisha, ambayo hutokea kwa kuwa mwili umeshindwa kusaga sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Mwenye hali hiyo akinywa maziwa ataumwa tumbo, kisha atapoa. Mzio ni jambo jingine. Mwili huziona protini za maziwa kuwa adui ukazishambulia, na kijiko kimoja chaweza kuvimbisha midomo, kutoa vipele mwili mzima, hata kubana pumzi. Kila anayempikia mtoto lazima aielewe tofauti hii, maana ukikosea kwa mtoto wa kwanza utamwomba msamaha, na ukikosea kwa huyu wa pili utamkimbiza hospitali.

Kulikubali jambo hili katika ukoo wetu hakukuwa rahisi. Wazee wetu walisalimiana "Amashyo", yaani walitakiana makundi ya ng'ombe. Mama mkwe wangu alipoona namnyima mjukuu wake maziwa, aliniuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, mtoto huyu amekukosea nini?" Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilichelewa kujifunza, na nilijifunza kwa kosa.

Binti alipotimiza miaka minne nilinunua dukani boksi la unga wa krimu, ule unaokorogwa kwa kitu baridi na kupigwa mpaka uumuke. Juu ya boksi iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba si krimu ya maziwa. Nikaukoroga kwa maji, nikaipamba keki, wageni wakaisifu. Mtoto hajamaliza kipande chake, midomo ikaanza kuvimba. Tulimfikisha zahanati mapema, akatibiwa, akapona. Usiku ule nililitoa lile boksi katika taka, nikasoma maandishi madogo ya ubavuni ambayo sikuyasoma mchana. Kati ya majina ya viungo lilikuwamo neno kaseinati ya sodiamu. Kaseini ndiyo protini kuu ya maziwa, na kaseinati hutengenezwa kutokana nayo. Huongezwa katika krimu nyingi za unga ili mafuta na maji yasiachane. Kanuni za biashara za Marekani, kwa mfano, zimekuwa zikiruhusu bidhaa iliyo na kaseinati iitwe si ya maziwa, mradi kaseinati hiyo itajwe katika orodha ya viungo. Kwa hiyo, dada yangu wa Rumonge, usisome mbele ya boksi. Soma ubavuni, na ukiona kaseini, kaseinati, unga wa maziwa au maji ya jibini, lirudishe rafuni.

Jambo la kushangaza ni kwamba krimu isiyo ya ng'ombe ilianzishwa na mfanyabiashara wa maziwa. Mwaka 1945, katika mji wa Buffalo nchini Marekani, Robert Rich aliingiza sokoni krimu ya kupiga iliyotengenezwa kwa soya. Siku hizi nyingi za krimu hizo hutumia mafuta ya mise, yaani kokwa ya mchikichi, yaliyogandishwa kiwandani. Wewe unayekaa Rumonge katikati ya michikichi usidhani kwamba utaweza kuyapiga mafuta yako ya mise bakulini yakawa krimu. Nazi ndiyo itakayokufaa, na nazi hutufikia kutoka Tanzania.

Sasa tuangalie kwa nini krimu huumuka, kwa sababu asiyelijua hilo atapoteza nazi zake. Unapopiga krimu unaingiza hewa. Vipovu vya hewa vingepasuka mara moja kama visingezungukwa na chembe za mafuta yaliyoganda na kushikamana. Mafuta yakiwa maji hayashiki kitu. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 24 hivi, na Bujumbura adhuhuri hupita hapo kwa mbali. Ndiyo maana nasema kwamba kazi hii ni ya baridi kuliko kuwa ya mkono. Nimewahi kumwona jirani yangu akipiga tui kwa nusu saa saa nane mchana mpaka bega likamuuma, na alichopata ni tui lenye jasho lake.

Chukua nazi tatu kavu, zilizokomaa. Tikisa kila moja usikie maji yakicheza ndani. Isiyo na maji iache, huenda imeoza. Kuna kwa mbuzi, ukiepuka kufikia ngozi ya kahawia karibu na kifuu, maana huchafua rangi. Mimina juu ya nazi iliyokunwa maji ya vuguvugu yasiyozidi kikombe kimoja na nusu. Yasiwe ya kuchemka. Yawe ya kuvumiliwa na mkono. Fikicha kwa dakika tano, kisha kamua kwa nguvu zako zote kupitia kitambaa safi. Hilo ndilo tui la kwanza, tui zito, nalo peke yake ndilo la krimu. Ongeza maji katika machicha ukamue tena upate tui la pili, uliweke kando. Kwa hali yoyote usilichemshe tui zito, kwani litajitenga likawa mafuta.

Weka tui zito katika chombo kirefu chenye mfuniko, ndani ya friji, usiku kucha. Asubuhi utakuta limegawanyika: juu tabaka nene, nyeupe, gumu kama siagi laini, na chini maji. Usitikise. Chota tabaka la juu kwa kijiko na uache maji yote chini, kwani maji hayo ndiyo adui wa krimu. Mimi hupata kama kikombe kimoja na nusu.

Wakati huohuo pika kizuizi chake. Koroga kijiko kimoja cha mezani cha wanga wa mahindi katika theluthi ya kikombe ya tui la pili, weka juu ya moto mdogo ukikoroga mpaka liwe uji mzito unaong'aa. Uache upoe kabisa kabisa. Uji wenye joto utaiharibu kazi yote. Uji huu si wa lazima, lakini krimu ya nazi bila uji hulegea upesi nje ya friji, na sherehe zetu hazianzi kwa wakati.

Bakuli la chuma na kipigio cha waya navyo viwekwe katika baridi kwa nusu saa. Piga krimu peke yake dakika moja mpaka ilainike, tia vijiko vitatu vya sukari ya unga iliyochekechwa na chembe ya chumvi, endelea kupiga, kisha tia ule uji kijiko kwa kijiko. Baada ya dakika tatu hadi tano itasimama na kushika alama ya kipigio. Hapo acha. Ikionekana kukatika chembechembe, baridi ilizidi: tia kijiko kimoja cha maji yale ya chini, upige polepole. Ikiwa inateleza tu, joto limezidi: irudishe katika friji kwa saa moja.

Najua swali linalofuata: umeme ukikatika je? Nunua barafu ya wavuvi, iponde, ichanganye na chumvi ya mawe, sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi, katika beseni. Mchanganyiko huo hushuka chini ya sifuri. Zungushia chombo cha tui, ukikiziba vizuri chumvi isiingie, na usikisahau humo, maana tui lililoganda kuwa barafu halipigiki vema. Kisha pigia papo hapo bakuli likiwa ndani ya beseni. Keki yangu ya mwaka jana ilipambwa hivyo, saa moja ya usiku, kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Wenye uwezo wa kununua makopo wasome kiasi cha mafuta. Kwa kipimo cha kimataifa cha mwaka 2003, kopo liitwalo tui huhitaji mafuta asilimia 10 tu, na liitwalo krimu ya nazi asilimia 20 au zaidi. Chagua hilo la pili. Baadhi ya makopo hutiwa gundi za kuzuia tui lisijitenge. Hayo hata uyalaze friji siku tatu hayatakupa tabaka la juu.

Krimu hii ni kwa ajili ya sherehe. Mafuta yake ni mazito, na haina chokaa wala protini za kutosha kuchukua nafasi ya maziwa katika mwili wa mtoto. Kwa chokaa, binti yetu hula ndagala wa Tanganyika wazima na miiba yao, kama daktari alivyotushauri. Tena, mtoto ambaye hajapata kula nazi aonjeshwe kidogo kwanza siku nyingine, si siku ya sherehe, kwa sababu wako wachache ambao nazi nayo huwadhuru.

Mama mkwe alikuwapo mwaka jana. Alikula kipande chake kimya, akaramba kijiko, akauliza, "Ng'ombe huyu ni wa nani?" Binti akacheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo bibi yake ndiye anayesoma maboksi dukani, akimwomba muuzaji amsomee yale maandishi madogo kwa sauti.

Krimu ikibaki, ifunike uiweke katika friji, iliwe ndani ya siku mbili. Tui huchacha upesi. Machicha msiyatupe. Juma lijalo nitaeleza namna ya kuyakausha na kuyatia katika biskuti.