Zima Skrini Kwanza, Ndio Uniambie Linux Yako ni ya Watu Wote



Leo naongea na wewe unayejitolea kwenye vituo vya vijana na vyumba vya kompyuta hapa Eldoret, kutoka Huruma hadi Langas. Wewe uliyepewa kompyuta kuukuu kumi ukaambiwa, "wewe ndiye fundi, zifufue." Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11, kwa hivyo tumekimbilia Linux. Sawa. Haina leseni ya kununua na kompyuta ya miaka kumi inarudi kazini.

Lakini ulichaguaje toleo? Wacha nikwambie nilivyochagua mimi. Nilitafuta lile jepesi kuliko yote, nikaliweka kwa mashine zote, nikapiga picha, nikapost. Wiki ya pili akaja kijana asiyeona, na hedifoni zake mkononi. Akaketi, akabonyeza vitufe anavyovijua. Kimya. Akajaribu tena. Kimya. Mwishowe akaniomba nimwingizie neno lake la siri la eCitizen, akanitajia kwa sauti, chumba kizima kikisikia. Hiyo ndiyo "kompyuta ya watu wote" niliyokuwa nimejisifia mtandaoni.

Usiniambie eti vipofu hawaji kwenu. Watakuja kufanya nini kwa mashine bubu? Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari, na haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Sisi huisoma hiyo Katiba kwa sauti kubwa tukiidai serikali. Kwa chumba chetu wenyewe tunaisahau.

Sasa maneno ya ufundi, na tafadhali usiruke hapa. Kisoma skrini cha Linux kinaitwa Orca. Ni cha bure. Kinasoma kilichoandikwa kwenye skrini, na sauti mara nyingi hutoka kwa eSpeak NG, ambayo inajua Kiswahili. Inaongea kama roboti mwenye mafua, lakini inaeleweka. Shida ni kwamba kuwa na Orca kwenye orodha ya programu si sawa na kuwa na kompyuta inayoongea. Je, inaongea unapoweka mfumo? Inaongea pale pa kuandika neno la siri? Kama inaanza kuongea baada ya mtu mwenye macho kukufungulia, basi bado unaomba ruhusa.

Debian imelifikiria hili. Tangu toleo la 7, la mwaka 2013, ukiiwasha kwa ajili ya kuiweka, unasubiri mlio mdogo, unabonyeza herufi s kisha Enter, na inaanza kukusomea kila hatua. Kipofu anaiweka mwenyewe, hahitaji mimi wala wewe. Ukifika pa kuchagua sura ya kompyuta, chukua MATE au GNOME. MATE ni nafuu kwa mashine dhaifu, na wasioona wengi wameizoea. Ubuntu ya kawaida nayo inafaa: bonyeza Alt, kitufe cha Windows na S kwa pamoja, Orca inaamka hata kabla hujaingia. Zile sura nyepesi sana tunazozipenda sisi mafundi, nyingi haziongei na Orca vizuri. Unaokoa kumbukumbu kidogo, unampoteza mtu.

Wengine wananiambia, basi tuweke Linux iliyotengenezwa maalum kwa vipofu. Wazo zuri, lakini angalia Vinux. Ilitengenezwa kwa ajili yao, ikapendwa, kisha kazi ikasimama na watumiaji wakaachwa njiani. Matoleo maalum hubebwa na watu wachache. Mimi nasimama na Debian.

Na kama mtu amezoea NVDA kwenye Windows, usimnyang'anye. Hiyo pia ni ya bure na ni nzuri mno. Kama kuna mashine moja inayobeba Windows 11, iweke NVDA uiache hivyo. JAWS siigusi, leseni ya kudumu ya kazini imepita dola 1,000, na hapa tunachangishana hata pesa ya umeme.

Kabla hujaweka chochote, fanya hivi: zima skrini kabisa. Si kufumba macho, utachungulia, nakujua. Vaa hedifoni, washa mashine, ingia, fungua barua moja, ijibu, funga. Ukikwama, hilo toleo halifai. Au bora zaidi, mwite asiyeona mmoja kabla hujachagua, umlipe nauli, umwachie kibodi.

Yule kijana nilimpigia simu. Jumamosi hii tunafuta mashine zote na kuziweka Debian upya, na yeye ndiye atakayeketi kwenye kibodi. Mwenye flashi ya GB 8 na hedifoni za ziada, alete.